Wajazao Risasi kwa Mkono

Kando ya Ziwa Erie, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, pana uwanja wa jeshi uitwao Camp Perry, ambao tangu mwaka 1907 umekuwa makao ya mashindano makuu ya kulenga shabaha ya nchi ile. Na takriban kila kiangazi, isipokuwa miaka ya vita na ya maradhi, hukusanyika hapo watu wa kila hirimu na kila kazi, askari kwa raia, wanawake kwa wanaume, wakasimama safu moja, kila mmoja ameinyosha bastola kwa mkono mmoja tu na mkono wa pili umetulia mfukoni, wakaikabili karatasi iliyo umbali wa yadi 50, yaani meta 46 hivi. Duara la alama kumi katika karatasi hiyo halifiki sentimita tisa kwa upana. Mashindano yaliyo kamili yana risasi 270: 90 za bastola ndogo ya .22, 90 za bastola yenye kipimo kikubwa zaidi, na 90 za bastola ya .45; na kwa kuwa kila risasi ina alama kumi, jumla iliyo kamili ni 2,700, ambayo hapana mwanadamu aliyewahi kuifikia. Hershel Anderson, askari wa jeshi la Marekani, alipata 2,680 mwaka 1974, na hesabu hiyo hutajwa mpaka leo kwa heshima na wivu.

Atakaye kusimama katika safu hiyo bila ya kufedheheka hapana budi ajizoeze mwaka mzima, na mazoezi ya bastola ni kupiga na kupiga tena, maelfu ya risasi, mpaka kidole kijue kukiminya kifyatulio bila ya kuutingisha mkono. Risasi za .22 hununuliwa dukani na habari yake ikaishia hapo, kwa kuwa dawa ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na ganda likishagongwa ukingoni halifai tena. Lakini risasi za .38 na za .45 ni ghali, ilhali maganda yake, baada ya mshindo, husalia mazima na yenye kung'aa, hayana kasoro ila weusi kidogo mdomoni. Na katika viungo vyote vya risasi, ganda ndilo lenye thamani kubwa kupita vingine. Mtu mwenye hesabu hawezi kuliacha chini. Huinama akaliokota, akalipeleka nyumbani, akalijaza tena kwa mkono wake, na jambo hilo ambalo wengi hulianza kwa ajili ya kuokoa fedha ndilo ambalo aghalabu humteka mtu mpaka likawa shughuli ya umri wake wote, wakati mwingine likampendeza kuliko kulenga kwenyewe.

Wasioijua kazi hii hudhani kwamba mwenye kujaza risasi kwa mkono anatafuta nguvu. Wapo waliokwenda njia hiyo. Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho, aliyetoa kitabu chake cha bastola na mijazo yake mwaka 1936, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuiongezea nguvu risasi ya .44 Special kupita ile iliyouzwa madukani, na juhudi zake zilizaa matunda mwaka 1955 ilipotolewa risasi ya .44 Magnum, ambayo sifa yake imeenea mpaka katika sinema. Lakini Keith alikuwa mtu wa mawindo. Mlenga shabaha anataka kutoboa karatasi, na karatasi haina ngozi wala mfupa. Kwake yeye nguvu ni adha, kwa maana huongeza teke la bastola, na teke huuchosha mkono na kulifunza jicho kupepesa kabla ya mshindo. Akitafutacho ni usawa: risasi ya mia iwe kama ya kwanza kwa uzito, kwa kina, kwa mwendo na kwa sauti, hata kosa likionekana katika karatasi ajue yakini kwamba ni la mkono wake na si la risasi. Hilo ndilo lengo la sanaa hii, na mambo yake yote mengine hufuata kutoka hapo.

Risasi moja ya bastola ina viungo vinne. Ganda ni la shaba iliyochanganywa na zinki, sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, na mchanganyiko huo una tabia njema ya kutanuka wakati wa mshindo, ukaziba kila upenyo ili moto usirudi nyuma, kisha ukanywea kidogo, ganda likatoka chemba bila ya kung'ang'ania. Katikati ya kitako cha ganda pana kishimo cha fataki, kikombe kidogo cha madini chenye chembe ya dawa inayowaka kwa kugongwa. Ndani ya ganda mna baruti, na juu, mdomoni, pameshikizwa kichwa cha risasi, ambacho ndicho kiendacho kwenye shabaha. Baruti ya leo haitoi moshi mwingi, nayo hutokana na pamba au mbao iliyogeuzwa kwa asidi, mara nyingi ikiongezwa naitrogliserini. Ikiwashwa mahali pa wazi huwaka tu kwa mwako wa haraka; lakini ikifungiwa katika ganda, joto lake huzidisha kani, na kani huzidisha mwako, mpaka katika sehemu ya elfu ya sekunde hewa iliyo ndani ya .38 Special ikafikia kani ya pauni 17,000 kwa kila inchi mraba, ambao ndio mpaka uliowekwa na watengenezaji wa Marekani. Nayo ni zaidi ya mara mia tano ya ile iliyomo ndani ya tairi la motokaa. Hiyo ni katika risasi iliyo pole kuliko nyingi za aina yake.

Wazee wetu waliowinda kwa gobore hawangeona ajabu kumkuta mtu akijitengenezea mshindo wake mwenyewe, kwani mwenye gobore hana njia nyingine: hupima baruti, huimimina mtutuni, hushindilia kwa mti, hutia gololi, kisha huipachika fataki mahali pake. Fataki yenyewe ilitokana na kero ya kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, ambaye aliona kwamba ndege wa majini huuona mwali wa bunduki ya gumegume na kupiga mbizi kabla ya risasi kuwafikia, naye akatafuta dawa ya kuwasha kwa kugonga, akapata hataza mwaka 1807. Baadaye ganda la madini likaunganisha yote katika kitu kimoja, na mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, wakaleta namna mbili za fataki ya katikati: Edward Boxer, ofisa wa Uingereza, aliiweka fuawe ndogo ndani ya fataki na akatoboa tundu moja katikati ya ganda; naye Hiram Berdan, kanali wa Marekani, aliifanya fuawe kuwa sehemu ya ganda lenyewe, na matundu yakawa mawili pembeni. Kwa kinyume cha ajabu Wamarekani wakaishika namna ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakaishika ya Mmarekani. Lau mambo yangalikwenda kinyume, huenda sanaa hii isingalistawi Marekani kama ilivyostawi, kwa sababu fataki ya Boxer husukumwa nje kwa sindano moja iliyonyooka kupitia tundu la katikati, ilhali ya Berdan yataka kung'olewa kwa nje kwa taabu kubwa.

Katika miaka iliyofuata, wawindaji wa nyati wa nyika za Marekani walibeba vyombo vya kujazia pamoja na vyungu vyao, na mwaka 1884 John Barlow alianzisha huko New Haven kampuni ya Ideal, iliyouza koleo moja lenye kufanya kazi zote, likifanana kwa umbo na kibanio cha karanga ngumu. Kampuni hiyo ikanunuliwa na Lyman mwaka 1925. Vita Kuu ya Pili iliwakosesha raia risasi, na ukosefu ukazaa ubunifu: Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka 1943 kutengeneza kalibu za kufanyia vichwa vya risasi, na kutoka hapo ikatokea kampuni ya RCBS, ambayo mashine zake za rangi ya kijani kibichi zimekaa katika mabanda na vyumba vya chini vya nyumba za Wamarekani kwa vizazi viwili au vitatu. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin akatoa kijisanduku cha bei nafuu ambacho kwacho mtu aliweza kujaza risasi kwa nyundo na vipande vichache vya chuma, hata bila ya mashine. Wengi wa wazee wa leo walianzia hapo, katika meza ya jikoni, mke akilalamika kwa kelele za nyundo.

Na tuitazame sasa meza yenyewe. Mtengenezaji mwenye adabu ya kazi huiweka mbali na moto, mbali na redio na maongezi, wala haweki juu yake chupa ya baruti zaidi ya moja kwa wakati mmoja, maana baruti mbili zilizo mezani ni mlango wa kuchanganya. Maganda aliyoyaokota ameyasafisha kwanza katika chombo kinachotikisika, kilichojaa makombo ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakatoka yakimetameta. Hulishika kila ganda mbele ya taa, akaligeuza, akitafuta ufa mdomoni au mstari mweupe kuzunguka kitako; lenye ila hulibonyeza kwa koleo ili lisirudi tena kundini, akalitupa. Yaliyopona huyasimamisha moja moja katika mashine yenye wenzo, na wenzo ukishushwa ganda hupanda na kuingia katika kalibu ya chuma kigumu. Kalibu ya kwanza hulibana ganda lililotanuka mpaka likarudi kipimo chake, na wakati huohuo sindano yake huisukuma nje fataki iliyokufa. Mkono huisikia ikiachia, kama kifungo kinachotoka tunduni. Kalibu ya pili huupanua mdomo kidogo, kiasi cha kukipokea kichwa bila ya kukikwangua. Fataki mpya husukumwa ndani mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kitako, na mjuzi hupitisha ncha ya kidole juu ya kila moja, maana iliyotokeza inaweza kuizuia silinda isizunguke, au, katika bastola ya kujijaza, kugongwa kabla ya wakati wake.

Kisha huja baruti, na hapa ndipo nisipotaka kwenda haraka. Watu wa kazi hii hawapimi kwa gramu bali kwa greni, kipimo cha kale ambacho pauni moja ina 7,000 na gramu moja ina zaidi kidogo ya 15. Na mizani yao husoma sehemu ya kumi ya greni moja, ambayo ni miligramu sita na nusu hivi. Hesabu za baruti sitaziandika hapa. Kila kiwanda cha baruti hutoa kitabu chake, kikitaja aina ya baruti, uzito na umbo la kichwa, fataki, kiasi cha kuanzia na kiasi kisichovukwa, na mwenye akili huanzia chini, akapanda kidogo kidogo, wala hachukui hesabu kutoka kinywani mwa rafiki, hata akiwa rafiki huyo ni bingwa. Ukibadilisha kitu kimoja tu, kichwa kikawa kirefu zaidi na kikazama zaidi ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na kani hupanda, ingawa baruti ni ileile na kiasi ni kilekile.

Lakini hatari iliyo kubwa katika risasi za mazoezi haitoki kwa ujinga. Hutoka kwa usahaulifu, na ina historia yake. Risasi ya .38 Special ilizaliwa mwaka 1898, siku ambazo baruti nyeusi ilikuwa bado inatumika, na ganda lake likafanywa refu ili lipokee takriban greni 21 za baruti hiyo, likajaa. Baruti isiyo na moshi ilipotamalaki, kazi ileile ikafanywa kwa kiasi kidogo mno. Baruti maarufu ya walenga shabaha, iitwayo Bullseye, ambayo imeuzwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, hutiwa katika risasi ya mazoezi kiasi kisichofika hata robo ya gramu. Ganda likabaki refu kama lilivyokuwa. Kwa hiyo baruti ya mazoezi hulala chini kabisa ya shimo lenye giza, ikiacha juu yake uwazi mkubwa, na mtu akiitia mara ya pili kwa kughafilika, pengine simu imelia, pengine mtoto ameita, baruti maradufu huingia bila ya kumwagika, kichwa hukaa juu yake barabara, na kwa nje risasi hiyo haitofautiani na ndugu zake kwa chochote. Tofauti huonekana pale silinda inapopasuka na chuma kuruka karibu na uso wa mpigaji.

Kwa miaka mingi palikuwa na mjadala baina ya wajuzi juu ya bastola zilizopasuka kwa risasi pole za shabaha. Wenye bastola hizo, wakiwa watu waangalifu wasiotaka kuamini kwamba wameghafilika, walisema kuwa baruti ikiwa kidogo mno katika ganda kubwa huenda ikawaka kwa namna isiyo ya kawaida na kuripuka yote mara moja. Nadharia hiyo ilijadiliwa kwa hati na kwa majaribio, na wengi wa wajuzi walirudi kwenye jibu lisilopendeza, nalo ni kwamba baruti ilitiwa mara mbili. Nami naona jibu hilo lina nguvu kwa sababu haliwatukani wahusika: mtu anayerudia tendo moja mara mia tano kwa jioni moja hawezi kuyakumbuka matendo yake moja moja, na mwili huendelea ilhali fikra imekwenda matembezi.

Basi dawa yake si kukumbuka bali kuona. Maganda yaliyotiwa baruti hupangwa katika kibao chenye matundu hamsini, na kabla ya kichwa chochote kuwekwa, mtengenezaji huinama na taa juu ya kibao, akapitisha jicho safu kwa safu, akiangalia kina cha baruti katika kila ganda. Lenye baruti zaidi huonekana limejaa kuliko jirani zake, na lisilo na kitu huonyesha kitundu cha fataki kikitumbua macho chini ya shimo. Wako wanaofuata dasturi nyingine, ya kuchagua baruti iliyo nyepesi na yenye kujaza nafasi, ambayo ikitiwa mara mbili hufurika mezani, ikajishitaki yenyewe.

Ganda lisilotiwa baruti kabisa lina madhara yake pia, tena yenye hila. Fataki peke yake ina nguvu ya kukitoa kichwa katika ganda na kukisukuma mpaka ndani ya kasiba, kikakwama hapo. Mpigaji husikia kishindo hafifu, kama mlio wa kopo, wala haoni tundu jipya katika karatasi. Na akiwa katika zamu ya haraka, ambayo risasi tano hupigwa kwa sekunde kumi, huenda akaminya tena kabla ya kuwaza. Kichwa cha pili kikikikuta cha kwanza njiani, kasiba huvimba au hupasuka. Kwa sababu hiyo kila mwalimu wa uwanja humfunza mwanafunzi, kabla ya mengine mengi, kwamba mshindo wowote usiofanana na ile mingine ni amri ya kusimama, kuifungua bastola na kuichungulia kasiba kwa fimbo au kwa nuru.

Turudi kwenye kichwa cha risasi, ambacho mlenga shabaha amekipa umbo lake la pekee. Kile cha mviringo, tunachokiona katika picha, kikipita katika karatasi huichana na kuisukuma pembeni, likabaki tundu lenye nyuzi, dogo kuliko kichwa chenyewe, na mwamuzi huhangaika kuamua kama limegusa mstari wa duara la juu au halikugusa. Kile cha walenga shabaha kimekatwa bapa mbele, kikawa mfano wa kipande cha nguzo; hukata karatasi tundu la mviringo safi, lenye kingo kali, na alama husomwa bila ya ubishi. Katika .38 kichwa cha namna hiyo huwa na uzito wa greni 148, yaani gramu tisa na nusu hivi, nacho huzamishwa mpaka usawa wa mdomo wa ganda, hata risasi nzima ikaonekana kama haina kichwa. Wengine hutumia kile chenye kitako kilichobonyea, ambacho ukingo wake mwembamba hutanuka kwa mshindo na kuishika mifuo ya kasiba. Kwa upole hutua mahali pamoja kwa usahihi wa kupendeza, lakini kikiharakishwa kupita kiasi ukingo huo hukatika ukabaki ndani ya mtutu. Mwaka 1961 Smith & Wesson walitoa bastola ya kujijaza, Model 52, iliyofanywa kwa ajili ya risasi hiyo bapa ya .38 tu na isiyopokea nyingine yenye kichwa kilichotokeza, jambo linaloonyesha jinsi kundi hili la watu lilivyokuwa na haja zake na fedha za kuzitimiza.

Kazi ya mwisho ya kalibu ni kuubana mdomo wa ganda juu ya kichwa. Katika rivolva mdomo hukunjwa kidogo kwa ndani, ili teke la mishindo iliyotangulia lisikivute kichwa mbele na kuizuia silinda, lakini katika .45 ya kujijaza, ganda husimama ndani ya chemba kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo mdomo hauwezi kukunjwa, bali hunyooshwa tu mpaka upana ule uliotolewa na kalibu ya pili uondoke. Kisha kila risasi huteremshwa katika kipimo, au katika kasiba iliyotolewa kwenye bastola, ili ijulikane kwamba itaingia siku ya mashindano.

Siha ya mtengenezaji nayo ina haki yake. Vichwa vingi vya shabaha ni vya madini ya risasi, na wako wanaoviyeyusha na kuvimimina wenyewe katika kalibu, ingawa madini hayo ni sumu inayokusanyika mwilini kwa taratibu. Huyeyuka kwa nyuzi 327, na atakayeyamimina afanye hivyo mahali penye upepo. Na vumbi la fataki zilizokwisha, ambalo lina madini hayo vilevile, huingia mdomoni kwa vidole. Kula mezani hapo, kuvuta sigara, au kumkaribisha mtoto mdogo kuchezea maganda machafu ni makosa yasiyo na udhuru. Fataki nazo hazipendi kumiminwa pamoja katika chupa. Kila moja peke yake ni ndogo, lakini zikiwa nyingi zimegusana, ikiwaka moja zinaweza kuwaka zote, ndiyo maana huuzwa zikiwa zimepangwa mbalimbali katika visanduku vyake, na hubaki humo mpaka saa ya kutumika.

Kuhusu fedha, hesabu si nyepesi kama wasemavyo wauzaji wa mashine. Ganda la .38 lililotumika kwa upole hujazwa mara kumi na zaidi, na kila mara gharama ni ya fataki, baruti kidogo na kichwa. Lakini mtu akiona kwamba risasi zimekuwa rahisi, hupiga nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka fedha iliyotoka ni ileile. Mashine ya kufanya kazi moja kwa mvuto mmoja hutoa risasi chache kwa saa. Zile zenye sahani izungukayo, zilizoenezwa sana na Mike Dillon wa Arizona kuanzia miaka ya 1970 na 1980, hutoa risasi kamili kwa kila mvuto wa wenzo, na ni neema kwa wenye haraka. Mimi sioni kwamba zinamfaa anayeanza, kwa sababu huufanya mkono uende mbele ya jicho. Tena fataki hazipatikani siku zote. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020 na uliofuata, rafu za maduka ya Marekani zilikuwa tupu, na wenye mashine nzuri walikaa wakizitazama.

Sheria ya Marekani, tangu ile ya mwaka 1968, humruhusu mtu kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila ya leseni, lakini akifanya biashara ya kuziuza yampasa awe na leseni ya utengenezaji. Huku kwetu mambo ni mbali na hivyo: utengenezaji wa risasi umo mikononi mwa viwanda vya dola, kama vile Mzinga huko Morogoro na kile cha Eldoret, na bunduki na risasi zote zimo chini ya sheria nzito. Makala haya ni ya kumweleza msomaji jinsi watu wa nchi nyingine wanavyojishughulisha, na hayamfungulii mtu karakana.

Viwanda vingi vya bastola hukataa dhamana kwa silaha iliyopigiwa risasi za kujazwa nyumbani, na wenyewe wajazao wana dasturi kali kuliko hiyo: hawapigi risasi ya mkono wa mtu mwingine. Kila sanduku hubandikwa karatasi yenye tarehe, jina na uzito wa baruti, aina ya fataki, uzito wa kichwa, na idadi ya mara ambazo maganda hayo yamejazwa. Mtu akifariki, jamaa zake hukuta masanduku hayo katika banda, mengine yana karatasi, mengine hayana, na rafiki wa marehemu huitwa kuja kuamua. Wengi huamua namna moja kwa yote, yenye karatasi na yasiyo nayo. Kila risasi hutiwa katika nyundo yenye tundu, hugongwa juu ya kigogo mpaka kichwa kikachomoka, na vichwa na maganda hutiwa katika makopo mbalimbali, yatumike tena. Baruti iliyotoka humo, kwa kuwa hakuna awezaye kuapa ni ya namna gani, hairudishwi chupani, bali huchomwa kidogo kidogo mahali pa wazi, mbali na nyumba.